Zima Sauti Umtazame Mbwa

Ukitaka kuwagombanisha watu wanaofuga mbwa, taja jina la Cesar Millan halafu kaa pembeni. Nusu yao watakwambia jamaa kazaliwa na kipaji, kwamba mbwa aliyeshindikana kwa kila mtu hutulia akimwona yeye tu. Nusu ya pili watakwambia ni mbabe anayewaonea wanyama mbele ya kamera na kulipwa juu yake. Ugomvi huu umevuka miaka ishirini na sioni dalili ya kwisha. Mimi sina nia ya kuwa hakimu wake. Madaktari wa wanyama wapo, wameshasema yao, na nitayataja huko mbele. Ninachotaka ni kukihakiki kipindi chake jinsi tulivyofundishwa darasani kuhakiki riwaya: fani yake ikoje, msimulizi ni nani, mhusika mkuu ni nani, na yule mhusika asiyesema neno hata moja amefanywa nini.

Najua wapo watakaouliza, kwani kipindi cha mbwa nacho ni fasihi? Ndugu msomaji, chochote kinachomchukua kiumbe asiyeweza kusema na kutueleza anachowaza, hicho kiko ndani ya shamba letu. Sisi tunaojifunza kuandika hadithi kazi yetu ni hiyo hiyo.

Kipindi chenyewe kiliitwa Dog Whisperer, yaani mnong'onezaji wa mbwa. Kilianza Marekani Septemba 2004 katika televisheni ya National Geographic, kikaenda misimu tisa mpaka 2012, na kikasambaa dunia nzima. Hata huku kwetu waliokuwa na dishi la kulipia walikiona. Jina lina kuzuga kidogo, maana Millan hanong'onezi kitu. Anatoa sauti ya "tssst" kama mtu anayemfukuza kuku jikoni, anagusa kwa vidole, anavuta kamba. Lakini jina tamu ni nusu ya biashara, na waandishi tunaijua hiyo.

Muundo wake ni mmoja tu. Ukishatazama vipindi vitatu, cha nne unaweza kukitabiri umefumba macho. Kwanza tunaonyeshwa fujo: mbwa anabweka, anarukia wageni, anaguguna kochi, anamkimbiza mtu wa posta. Mara nyingi picha hizi zimepigwa na wenye nyumba wenyewe, zinatikisika, na muziki wa vitisho umetandikwa juu yake. Halafu familia inakaa kwenye sofa kueleza yaliyowasibu, na mmoja lazima atoe chozi. Millan anawasikiliza kwa utulivu kama mzee aliyeitwa kusuluhisha ndoa. Baada ya hapo anamkabili mbwa. Mbwa anatulia. Familia inapigwa na butwaa. Kisha kipande kifupi cha wiki au miezi kadhaa baadaye: mambo shwari. Yote hayo ndani ya dakika arobaini na kitu, na mara nyingi wamebanwa humo mbwa wawili au watatu, kila mmoja na kisa chake.

Tusiudharau muundo huu. Ni wa ngano. Kijiji kina zimwi, mgeni anafika kutoka mbali, zimwi linashindwa, watu wanalala usingizi. Bibi zetu waliutumia kabla ya umeme kuvumbuliwa. Tofauti ni kwamba katika ngano zimwi huwa na kauli yake. Linaimba, linatisha, linadanganya, wakati mwingine linaomba msamaha. Katika Dog Whisperer zimwi halina mstari hata mmoja.

Nitarudi hapo. Kwanza mhusika mkuu, maana hapa ndipo kipindi kinaponoga, na nisingependa kujifanya sikunogewa.

Millan alizaliwa Culiacán, katika jimbo la Sinaloa nchini Mexico, mwaka 1969. Utotoni alishinda shambani kwa babu yake pamoja na mbwa wa kazi, na wenzake mjini wakamtania kwa jina la el Perrero, yaani mtu wa mbwa. Wala halikuwa jina la kumsifu. Mwaka 1990 alivuka mpaka kuingia Marekani bila karatasi na bila Kiingereza. Alianza kwa kuosha na kunyoa mbwa katika duka upande wa San Diego, baadaye akahamia Los Angeles, akaosha magari ya kifahari, akatembeza mbwa wa watu. Mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa mwigizaji Jada Pinkett, ambaye alimtafutia mwalimu wa Kiingereza. Uraia wa Marekani alikuja kuupata 2009, kipindi kikiwa kimeshampa jina.

Sasa mtu huyo mwingize katika nyumba ya California yenye bwawa la kuogelea. Watu wa nchi yake katika nyumba hizo ndio wanaokata nyasi na kufua mashuka. Yeye anapita mlango wa mbele, anakaribishwa kwenye kochi, na kwa Kiingereza chake chenye lafudhi anamwambia mwenye nyumba, wakili au mwigizaji, kwamba tatizo si mbwa, tatizo ni wewe. Msemo wake mkubwa ni kwamba yeye anarekebisha mbwa na kufundisha watu. Na tajiri anaitikia kwa kichwa! Anaambiwa asimame wima, ashushe mabega, aache kumbembeleza mbwa kama mtoto mchanga, naye anatii. Nadhani siri ya nusu ya mvuto wa kipindi iko hapo, na watu wanaombeza Millan huwa wanairuka. Watazamaji walikuwa wanaona jambo ambalo hawalioni mahali pengine: bwana mkubwa anafundishwa adabu ya nyumbani kwake na mtu ambaye kesho yake angeweza kuwa mtunza bustani wake.

Mwili wake nao unaongea. Kifua mbele, kidevu juu, hatua fupi, hakuna papara. Mkono ukimgusa mbwa shingoni vidole vinakuwa vimekunjwa, na mwenyewe hueleza kwamba vinaiga mdomo wa mbwa mama. Malcolm Gladwell aliandika makala ndefu juu yake katika jarida la The New Yorker mwaka 2006, na alikuwa na akili ya kuwaonyesha kanda zake wataalamu wa miondoko ya mwili, watu wa fani ya dansi, badala ya watu wa mbwa peke yao. Wakavutiwa na jinsi mkao wake na ishara zake zinavyokubaliana. Yaani mguu hausemi hili mkono ukasema lile. Kwa mtu anayeandika maigizo hilo ni somo kubwa. Waigizaji wetu wengi jukwaani mdomo umekasirika na magoti yanacheka.

Ili tumwelewe vizuri zaidi inabidi tumtafutie wa kumlinganisha naye, na hakuna anayefaa kuliko bibi mmoja wa Uingereza.

Barbara Woodhouse alikuwa anakaribia miaka sabini BBC ilipomrusha hewani mwaka 1980, katika kipindi kilichoitwa Training Dogs the Woodhouse Way. Alikuwa amezaliwa Ireland mwaka 1910, aliishi Argentina ujanani kwa miaka kadhaa, na alikuja kufariki 1988. Mtazame: sketi ya mwalimu mkuu, viatu vya kutembelea tope, nywele zisizotaka ushauri wa mtu. Sauti yake ndiyo iliyomfanya maarufu. Akimwambia mbwa akae, ile herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza aliikata kwa ncha ya ulimi kama kuvunja kijiti. Akimwalika kwenda matembezini, sauti ilipaa juu kwa furaha mpaka Waingereza wakaigeuza kuwa kichekesho cha taifa, na bado wanaiiga mpaka leo.

Yeye naye hakuwa malaika. Alitumia mnyororo wa kukaza shingo, akauvuta kwa mkono usio na wasiwasi, na wafugaji wengi wa leo wangefunga macho. Lakini kwa upande wa usimulizi kulikuwa na tofauti moja kubwa. Woodhouse alikusanya wafugaji na mbwa wao kama darasa, na kipindi kilikuwa darasa kweli. Uliona mbwa anakosea, anarudia, anakosea tena, mwenye mbwa anatweta, bibi anafoka. Kosa lilibaki kwenye picha. Na maneno mengi aliyoyasema yalikuwa amri na makaripio, tena makaripio yakiwaangukia wenye mbwa zaidi. Hakuwa na muda mwingi wa kutufasiria moyo wa mbwa. Alimwambia mbwa la kufanya, tukaona kama amefanya au hakufanya, basi.

(Victoria Stilwell, aliyeanza na Channel 4 ya Uingereza mwaka 2005 katika It's Me or the Dog, ni shule nyingine. Aliwahi kuwa mwigizaji na inaonekana: anaingia amevaa nyeusi tupu kama askari kanzu wa sinema. Anatumia zawadi na sifa badala ya kukamata shingo, na wataalamu wengi wako upande wake. Kwa mbwa nadhani ni mwalimu salama zaidi. Kwa uhakiki wa leo hanipi mengi, kwa hiyo nampita.)

Sasa turudi kwa zimwi lisilo na mstari.

Millan akimkabili mbwa huwa hanyamazi. Anatusimulia papo kwa papo kinachotokea ndani ya kichwa cha mnyama. Kamusi yake ni ndogo sana: nguvu ya utulivu na mamlaka kwa upande wa binadamu, utulivu na unyenyekevu kwa upande wa mbwa, na neno moja la nishati ambalo anaeleza nalo kila kitu kuanzia woga hadi mapenzi. Mbwa anayengurumia watu anataka kutawala. Mbwa anayevuta kamba anataka kutawala. Mbwa anayelala kitandani kwa mwenye nyumba, naye anataka kutawala. Mwishoni mbwa analala chini, kichwa sakafuni, na sauti inatuambia: ametulia, amekubali. Sisi tunaitikia, ameen.

Hapo ndipo ninapomwomba kila mwandishi chipukizi azime sauti. Kweli, bonyeza kitufe. Utazame kipande kile kile bila muziki na bila msimulizi. Utaona vitu vidogo ambavyo sauti ilivifunika. Masikio yamelala nyuma. Mbwa analamba midomo na hakuna chakula. Anageuza kichwa pembeni ili asikutane na macho ya mtu. Anapiga mwayo na hana usingizi. Mkia umebanwa kati ya miguu. Anahema haraka haraka. Watu wanaosoma tabia za mbwa wamekwisha kueleza kwamba hizo mara nyingi ni ishara za mnyama mwenye wasiwasi, anayeomba apewe nafasi. Mbwa aliyelala kwa raha na mbwa aliyelala kwa sababu amekata tamaa wote wawili wamelala. Picha inaweza kukutofautishia. Sauti imekwisha kuchagua kwa niaba yako.

Nadharia yenyewe iliyo chini ya simulizi hii ina historia ambayo mwandishi yeyote atasisimka nayo. Mwaka 1947 mtafiti wa Uswisi, Rudolf Schenkel, alichapisha kazi juu ya mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel. Wanyama hao walikuwa wamewekwa pamoja na binadamu, wakagombania nafasi, na kutokana na ugomvi huo likaenea wazo la mbwa mwitu mkuu anayewatawala wengine kwa ubabe. Mwaka 1970 Mmarekani L. David Mech alitoa kitabu kikubwa, The Wolf, kilichosaidia kulitangaza wazo hilo. Halafu Mech huyo huyo akatumia miaka mingi kuwatazama mbwa mwitu walio huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida la porini ni familia: baba, mama na watoto wao. Hakuna mapinduzi ya kijeshi humo. Wanaoongoza wanaongoza kwa sababu ndio wazazi. Akamwomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu chake cha zamani. Fikiria mwandishi anayeomba kitabu chake kinachouzwa kiondolewe sokoni kwa sababu alijua zaidi baadaye! Mimi sijatoa hata kimoja na nadhani ningeona uchungu.

Kwa hiyo Dog Whisperer ilipoanza 2004, hadithi ya ubabe ilikuwa imekwisha kukataliwa na mmoja wa watu walioieneza, tena miaka mitano nyuma. Televisheni iliichukua kwa sababu inasimulika vizuri. Ina mfalme, ina muasi, ina ushindi. "Familia yenye wasiwasi inahitaji miezi sita ya mazoezi madogo madogo na vipande vya nyama" haina kilele.

Wakosoaji hawakuchelewa. Mwaka 2006 American Humane Association, chama cha kutetea wanyama, kiliitaka National Geographic isitishe kipindi. Mwaka huo huo mwandishi Mark Derr akamshukia Millan katika gazeti la New York Times. Mwaka 2008 chama cha Kimarekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia kikatoa tamko la kuonya juu ya kutumia ubabe kurekebisha mnyama. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliowauliza wafugaji 140 walikuwa wametumia njia zipi na mbwa alijibu vipi. Kati ya mbwa waliopigwa au kurushiwa teke, asilimia 43 walijibu kwa ukali. Hata kumkazia mbwa macho tu kulizaa ukali kwa asilimia 30. Kwa ufupi, ukimchokoza atakung'ata, jambo ambalo mtoto yeyote wa uswahilini angewaambia bure.

Kipindi kilikuwa na jibu lake: maandishi kwenye kioo yaliyowaonya watazamaji wasijaribu njia hizi wenyewe bila kumwona mtaalamu. Ebu tulisome onyo hilo kama wahakiki. Kipindi kizima kinasema kwamba wewe mwenye mbwa unaweza, badilisha mkao wako tu, kuwa kiongozi. Maandishi chini yake yanasema usithubutu. Msimulizi na mchapishaji wake hawaelewani, na wote wawili wako kwenye ukurasa mmoja. Kama ni kitabu tungesema mhariri amemkana mwandishi kwa herufi ndogo.

Kipande ambacho kila mtu anapaswa kukitazama ni kile cha Holly, cha mwaka 2012, msimu wa mwisho. Holly ni mbwa wa rangi ya manjano, jamii ya Labrador, ambaye shida yake ni kulinda bakuli la chakula. Watu wa nyumbani wanamwogopa, na wana haki. Katika nyumba kuna mtoto.

Millan anamwekea bakuli, Holly anakula. Millan anamsogelea. Holly anakaza mwili, anakula haraka, anakenua meno. Millan anamchapa mkono wa shingoni, Holly anajibu kwa meno, na mtu anaendelea kumsukuma kwa mwili wake mpaka amemtoa kwenye chakula na kumrudisha nyuma kwenye nyasi. Hapo kunatokea ukimya. Holly ameacha chakula. Anageuza uso. Anakaa, anajilaza. Ukitazama bila sauti unaona kiumbe aliyefanya kila anachojua kufanya ili kusema yamekwisha, naomba uniache. Millan amechuchumaa karibu yake, uso umelegea, anaonekana ameridhika. Kisha anapeleka mkono karibu na mdomo wa mbwa.

Holly anaudaka mkono huo na hauachii mara moja. Millan anarusha mguu ili ajinasue. Damu inatoka. Na yeye, mtu ambaye umaarufu wake wote umejengwa juu ya kuona yale tusiyoyaona sisi, anasema hakulitarajia lile.

Nimekitazama kipande hiki mara nyingi kuliko ninavyoweza kujitetea mbele ya mama yangu. Sikirudii kwa kupenda damu. Ni kwamba ni mahali pa nadra ambapo mhusika aliyenyimwa mstari anamkatiza msimulizi. Kamera iliona. Mpiga picha alikuwa amemweka Holly katikati ya fremu, ishara zote zimo, moja baada ya moja, kama maneno ya sentensi. Asiyezisoma ni yule mwenye kazi ya kuzisoma, na sidhani ni kwa kukosa ujuzi. Alikuwa amekwisha kuiandika sentensi inayofuata kichwani, ile ya mbwa aliyekubali, na alikuwa anangoja mbwa aitamke.

Kuna anayesoma mistari hii na kusema namwonea. Haya, nimpe haki yake. Millan aliwaambia Wamarekani kwamba mbwa anahitaji kutembezwa kila siku, na kwamba kumnunulia nguo na keki ya kuzaliwa si badala ya hilo. Aliwapokea mbwa ambao wengine walishauri wachomwe sindano wafe. Alikuwa na mbwa wake mkuu, Daddy, jamii ya pit bull, ambaye kwanza alikuwa wa mwimbaji Redman. Huyo alizunguka naye kwenye vipindi mpaka alipokufa mwaka 2010 akiwa na miaka 16. Kwa miaka ambayo magazeti yaliichora pit bull kama jambazi, kumwonyesha Daddy ametulia katikati ya vijibwa na watoto kulifanya kazi ambayo makala elfu zisingeifanya. Na angalia: Daddy hakuhitaji tafsiri. Millan hakuwa na la kusimulia juu yake, alimwacha tu alale kwenye picha. Kwa maoni yangu ndiye mhusika bora wa kipindi kizima.

Lakini matatizo ya simulizi hayakwisha na Holly. Mwaka 2016, katika kipindi chake kingine kiitwacho Cesar 911, mbwa aitwaye Simon aliyekuwa na historia ya kuua nguruwe aliletwa karibu na nguruwe, akafyatuka na kumng'ata sikio. Watu wakalalamika, mamlaka za Los Angeles zikachunguza, na hakushitakiwa. Upande wa kipindi ukaeleza kwamba kipande kilichosambaa kilikatwa mahali pabaya. Pengine ni kweli. Ila mtu aliyejenga jina kwa mkasi wa mhariri, siku mkasi unapomgeukia asishangae sana.

Huo mkasi ndio unaonishughulisha kuliko mnyororo wowote. Kati ya mbwa mkali na mbwa mtulivu kuna saa, siku, wakati mwingine miezi, na ndiyo hiyo iliyotupwa sakafuni kwenye chumba cha uhariri. Tunachopewa ni mwanzo na mwisho, na katikati "tssst" kama fimbo ya Musa. Mtazamaji anakwenda kumfanyia mbwa wake "tssst" Jumamosi asubuhi, Jumapili hajaona bahari ikigawanyika, anaongeza nguvu.

Sisi tunaoandika tunafanya hivyo hivyo kila wiki. Soma hadithi fupi zinazoletwa kwenye majarida kama hili. Hesabu ni ngapi zina dada wa kazi anayeitikia "abee", anainamisha uso, anatabasamu, kisha mwandishi anatuarifu kwamba ameridhika na maisha ya pale nyumbani. Nani kakwambia ameridhika? Umemwona anainama, ukaandika "kwa unyenyekevu". Au mke katika hadithi za ndoa: mume anafoka ukurasa mzima, mke ananyamaza, na msimulizi anatuandikia kwamba alimwelewa mumewe. Au kichaa wa sokoni, ambaye tangu nianze kusoma hadithi za vijana hajawahi kupewa sababu hata moja ya kuwa pale. Na mbwa wenyewe je? Kibao cha MBWA MKALI getini ndiyo hadithi fupi kuliko zote mjini kwetu, mhusika mmoja, sifa moja, na mara nyingi ukifunguliwa geti mbwa mwenyewe hayupo.

Darasani tulifundishwa kuwagawa wahusika, bapa huku na duara kule, na mtihani ukaisha. Hatukuambiwa kwamba mhusika anaweza kufanywa bapa kwa kivumishi kimoja kilichowekwa na msimulizi baada ya tendo ambalo peke yake lilikuwa na maana tano. "Alikaa kimya." Iache hapo. Ukiongeza "akiwa ametulia" umeshamkamata shingo.

Kuhusu Holly, familia yake haikumchukua tena baada ya yote hayo. Alibaki na Millan, katika kituo chake cha mbwa huko California. Kipindi kilituonyesha jambo hilo kama mwisho mwema, na muziki laini ukapigwa, na picha ya mwisho sikuielewa mpaka nilipoitazama tena bila muziki: Holly yuko nje kwenye uwanja mpana, mbali kidogo na mtu, anatazama upande mwingine.